Magogo Chini ya Pipa

Asubuhi ambayo fundi aliondoka duniani, maji ya chai yalikuwa hayajachemka. Mkewe alikuwa amechutama mbele ya jiko akiyatazama, kana kwamba macho yake yangeyaharakisha, aliposikia anaitwa kutoka uani.

"Mama Breki! Njoo unipe mguu."

"Mguu wangu uko kazini," alijibu bila kuinuka. "Unachunga chai."

"Chai haina gia, haiendi popote. Njoo basi, mke wangu, kabla jua halijapanda."

Jina la Mama Breki alipewa na watoto wa mtaani, na wakubwa wakalidaka. Hakuwa na leseni. Hakuwahi kuendesha gari hata kulitoa langoni. Lakini mumewe alikuwa na karakana uani kwake, na kila alipotaka kujua kama injini imekalia vizuri mahali pake, alihitaji mtu ndani ya gari: mguu wa kushoto ushike breki, gia iingizwe, mguu wa kulia uguse mafuta kidogo, na yeye fundi atazame chini ya boneti kama injini inaruka. Mafundi wengine hukinga magurudumu kwa magogo kwanza. Huyu alikuwa ameacha. "Mguu wa mke wangu ndio gogo langu," aliwaambia wateja, na mkewe alikuwa akicheka kwa aibu huku akiona raha.

Gari la siku hiyo lilikuwa la spoti, la zamani, la gia otomatiki, milango miwili, pua ndefu kuliko kiwiliwili. Wekundu wake ulikuwa umefifia ukawa rangi ya tofali. Fundi alilipenda. "Limezeeka," alisema, "ila hakuna aliyethubutu kuliambia." Mwenye gari alilalamika kuwa linagonga likiondoka, na fundi alishajua kwamba ni mauntini, ile mipira minene iliyogandishwa na chuma ambayo injini huikalia. Mipya ilikuwa tayari kwenye rafu, ndani ya boksi lake. Alitaka tu kuona ni upande gani umekufa zaidi, aanze na huo.

"Vua ndala. Mguu peku hausemi uongo."

"Kila siku wimbo huo huo," mkewe alisema, akazivua.

"Rivasi."

Akaingiza. Injini ikatikisika, ikatulia.

"Haya, mbele. Gusa mafuta. Kama unamgusa mtoto aliyelala."

Kwa kawaida fundi alisimama ubavuni, ameegemea gari. Asubuhi hiyo ubavu wa kushoto ulikuwa umezibwa na rundo la matairi, na mpira aliotaka kuuona ulikuwa upande huo huo. Akazunguka, akaingia kati ya pua ya gari na ukuta wa karakana, akainama chini ya boneti. Mkewe hakumwona. Alisikia sauti tu.

"Tena kidogo."

Akagusa. Kitu kikalia huko mbele kama mlango uliobamizwa, na injini ikanguruma. Akaondoa mguu wa kulia. Ngurumo haikushuka, ilipanda. Chini ya mguu wa kushoto breki ikawa ngumu, kama amekanyaga jiwe.

"Breki!" fundi alipaza sauti. "Breki, mke wangu!"

"Nimeshika! Nimeshika!"

Magurudumu ya nyuma yakapiga kelele juu ya saruji, gari likasogea. Halikusogea sana. Hapakuwa na nafasi ya kusogea sana.

Alipofaulu kugeuza ufunguo, kukawa kimya. Katika kimya kile alisikia mfuniko wa sufuria ukirukaruka jikoni. Maji yalikuwa yamechemka.

*

Wanaume walilisukuma gari nyuma, wakamchukua fundi kwa mlango uliong'olewa wa gari jingine, na hospitali ikamrudisha akiwa amefunikwa. Akazikwa. Haya yote mjane aliyaona kama mtu anayetazama mvua kupitia dirisha. Kilichomwingia ni askari.

Askari alikuja matangani, wanawake wakiwa wamejaa sebuleni juu ya mikeka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kazi yake, na alitaka kuimaliza. Akamwomba mjane akae kwenye kiti, akaomba ndala mbili, akazipanga sakafuni mbele ya miguu yake.

"Hii ya kushoto ni breki. Hii ya kulia ni mafuta. Nionyeshe ulivyofanya."

"Hapa, afande?" wifi yake aliuliza kutoka mlangoni. Huyu alikuwa dada mkubwa wa marehemu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamrisha. Hakuuliza kwa kumwonea huruma. Aliuliza ili aliyekuwa hasikilizi asikilize.

"Hapa hapa panatosha. Haya mama. Breki."

Mjane akaweka mguu wa kushoto juu ya ndala ya kushoto.

"Breki kwa mguu wa kushoto? Nani kakufundisha?"

"Mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Marehemu," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kutoka kinywani mwake.

"Na wa kulia?"

"Unagusa mafuta. Kidogo tu. Halafu mimi nikautoa."

"Sawa. Sasa mimi ndiye fundi. Nipo mbele." Askari akainama kama mtu aliye chini ya boneti, kisha akapaza sauti ghafla: "Breki!"

Miguu yote miwili ikashuka. Ilishuka pamoja, kwa kishindo, na ndala zote mbili zikasukumwa mpaka kwenye mkeka wa mbele. Mwanamke mmoja akashika mdomo. Mwingine akasema "Mungu wangu" kwa sauti ndogo.

Mjane aliitazama miguu yake kama vile ni ya mtu mwingine.

"Nimeshtuka," alisema. "Afande, nimeshtuka tu. Siku ile sikufanya hivi. Breki ilikuwa jiwe."

Askari alikuwa akiandika. "Tutaangalia, mama. Gari lisiguswe mpaka nitume mtu alikague." Akazirudisha ndala mahali pake kwa adabu, moja moja, akaondoka.

Wifi alisubiri mpaka lango lilipofungwa. Ndipo akasema, bila kumtazama mtu, "Kuuliza si ujinga. Sasa tumeona wote."

*

Alikuwepo binti, mtoto wao wa pekee, aliyekuwa anakaribia kumaliza sekondari. Asubuhi ile alikuwa bafuni akijimwagia maji, na alichokipata ni sauti tu: ngurumo, kelele za baba, kelele za mama. Aliposimulia, alisimulia hivyo hivyo, na watu wakamwambia pole, ushukuru hukuona. Lakini sikio halifumbwi kama jicho. Kila alipolipita gari, ambalo lilikuwa bado uani limefunikwa turubai, alipita mbali, ameegemea ukuta wa jirani.

Mjane aliona kwamba binti anapita mbali na yeye vilevile. Walipokaa kula, binti alikaa upande wa pili. Akimpa mama kikombe, alikiweka mezani, hakukiweka mkononi. Na mara nyingine mjane aliinua macho akamkuta binti anaangalia chini ya meza, pale ilipo miguu.

Alitaka kumwambia, mwanangu, niliutoa mguu. Lakini tangu siku ya ndala hakuwa tena na hakika. Alilala akikanyaga hewa. Alijaribu kukumbuka: breki ilikuwa ngumu, au ni mguu wake uliokosa nguvu? Mguu wa kulia ulitoka, au alitamani tu uwe umetoka? Akiwa jikoni peke yake aliita kwa sauti ya chini, "Breki!" kisha akaiangalia miguu itafanya nini. Siku nyingine ilitulia. Siku nyingine ilishuka yote miwili.

Wifi alikuja tena. Safari hii alikuja na begi tupu.

"Nimezungumza na kaka," alisema. Kaka huyo ndiye mkubwa wa ukoo, na kiwanja chenye nyumba na karakana kilikuwa bado kwa jina la baba yao. "Jumapili tunakaa kikao. Mimi nimeona bora mtoto aje kwangu. Kwa sasa."

"Kwa sasa mpaka lini, wifi?"

"Mpaka moyo wake utulie. Hivi wewe huoni? Mtoto ana woga. Analala nyumba moja na..." Akaishia hapo.

"Na nini?"

"Na gari," wifi alisema. "Nimesema gari." Akaliweka begi juu ya kitanda cha binti, aliyekuwa amesimama mlangoni. "Shangazi yako sikulazimishi. Upange nguo zako polepole."

Jioni mjane alipopita mlangoni mwa chumba cha binti, aliona begi limefunguliwa na ndani yake kuna sweta moja, limekunjwa. Mume alikuwa ameshaondoka, hilo halikuwa na dawa. Huyu alikuwa bado yupo, anaondoka sweta kwa sweta.

*

Mwenye gari alifika mchana, kofia mkononi. Alikuwa mstaafu, mtu wa maneno machache, shati lake limepigwa pasi mpaka kola inakata. Akatoa pole mara mbili, na mara zote mbili macho yake yalikwenda kwenye turubai.

"Sikuja kudai," alisema. "Msinielewe vibaya. Ila nimeambiwa mkaguzi amekwisha kuja?"

"Alikuja," mjane alijibu. "Aliwasha taa, akazima. Akakanyaga breki gari likiwa limezimwa, akasema breki ipo. Akaenda."

"Basi ninaweza kulichukua?"

"Unalichukuaje, Mzee?" aliyesema hivyo ni Spana Kumi, fundi mwenzake marehemu, aliyekuwa amekuja kukusanya vyombo vyake alivyokuwa amemwazima. Jina alilipata kwa sababu spana namba kumi ilimpotea kila siku. Hata msibani kuna aliyemuuliza kama ameipata. "Injini hiyo haijakaa. Ukiliondoa hivyo litakufia njia panda, au likuue wewe."

Mzee akageuza kofia. "Kusema kweli sitaki hata kuligusa. Nilifikiri livutwe tu. Liondoke hapa. Mama asiendelee kuliona."

Hapo ndipo mjane aliposema jambo ambalo hakuwa amelipanga.

"Mauntini zipo kwenye rafu. Zifungwe hapa hapa."

"Shemeji," Spana Kumi alisema kwa upole, "si lazima."

"Mume wangu hajawahi kutoa gari langoni halijaisha. Hata lile la yule tapeli alilimaliza." Akamgeukia Spana Kumi. "Lifunge, shem. Mimi nitakaa ndani ya nyumba mpaka umalize."

Spana Kumi akakuna kisogo. Alikuwa mtu wa mizaha, na siku zile mizaha ilikuwa imemkauka. Yeye pia alikuwa akiliogopa gari lile. Mara ngapi yeye mwenyewe alisimama mbele ya boneti, mtu yuko ndani, akasema gusa, gusa tena? Hakuthubutu kuhesabu.

"Kesho," alisema. "Mwanga ukiwepo wa kutosha."

*

Kesho yake, kabla ya lolote, Spana Kumi alizunguka karakana nzima akitafuta kitu. Alitazama nyuma ya matairi, chini ya meza, kwenye kona ya vyuma chakavu. Wifi alikuwa amekwisha fika kumchukua binti, ameketi kizingitini na mkoba mapajani.

"Kumi imepotea tena?" alimuuliza.

"Leo si kumi, dada. Natafuta magogo. Marehemu alikuwa na magogo mawili mazuri ya kukinga magurudumu, mazito, ya pembe tatu. Alichonga mwenyewe. Sigusi gari hili bila magogo."

Mjane alikuwa amesimama mlango wa jikoni. Akanyoosha kidole kuelekea pipa.

Pipa la maji la nyumbani lilikuwa kwenye kona ya ua, limeinuliwa kutoka ardhini kiasi cha mtu kuchota bila kuinama. Chini yake, magogo mawili ya pembe tatu yalikuwa yamepangwa mgongo kwa mgongo, yakafanya kitako. Yalikuwa yameota ukungu wa kijani.

Spana Kumi aliangalia magogo, akamwangalia mjane, akageuka haraka. "Haya," akasema. "Tumwage maji."

Maji yakamwagwa. Yalitiririka uani mpaka chini ya gari. Wakalishusha pipa, magogo yakapelekwa mbele ya magurudumu, moja huku, moja kule, na Spana Kumi akayapiga teke kuhakikisha. Ndipo akaondoa turubai.

Mjane aliahidi kukaa ndani, akashindwa. Miguu ilimtoa yenyewe mpaka uani. Alisimama mbali, mikono ameifungia kwenye kanga. Binti alitokea nyuma yake na begi.

Spana Kumi aliweka ubao juu ya jeki, akauinua mpaka ukagusa tumbo la injini, ili injini isianguke mauntini zikitolewa. Akaanza na upande wa kulia. Nati zilikuwa zimeshika kutu. Akazitukana, akazipaka mafuta, zikalegea. Mpira wa kulia ukatoka mzima, umechoka tu, umepasuka juu juu kama kisigino cha mkulima. Akafunga mpya. Akahamia kushoto. Akaingiza mtaimbo chini ya injini, akaukandamiza kidogo kujaribu.

Injini ikainuka.

Haikutikisika. Iliinuka upande mmoja, nyepesi, kama mfuniko. Spana Kumi akauachia mtaimbo, injini ikaanguka mahali pake, na uani pakasikika sauti ambayo mjane aliijua: mlango uliobamizwa.

"Ndiyo hiyo," mjane alisema. "Shem, ndiyo hiyo. Ililia hivyo."

Spana Kumi alikuwa ameinama, uso karibu na kabureta. Akaukandamiza mtaimbo tena, taratibu, akaushikilia. Alikaa hivyo mpaka wifi akauliza, "Kuna nini?"

"Nataka mtu akae ndani," Spana Kumi alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Injini imezimwa, ufunguo ninao mimi mfukoni, magogo yapo. Nataka mtu ashike kanyagio la mafuta. Si kwa mguu. Kwa mkono. Alishike, aniambie kama linasogea."

"Si yupo Mama Breki mwenyewe," wifi alisema.

Jina lile, ambalo mtaa mzima uliliita kwa kicheko, lilitua uani kama tusi. Mjane alipiga hatua moja kuelekea gari. Mlango wa dereva ulikuwa wazi, kiti kilikuwa bado kimesogezwa mbele kwa kipimo cha miguu yake. Akashika ukuta.

"Siwezi," alisema. "Nisameheni. Siwezi."

Begi likawekwa chini. Binti akapita pembeni ya mama yake, akafika mlangoni mwa gari, akasimama. Alikuwa amekunja midomo kama mtu anayejiandaa kunywa dawa. Kisha akaingia, lakini hakuiteremsha miguu: alipiga magoti juu ya kiti, akainama kichwa chini ya usukani, akalishika kanyagio kwa mikono yote miwili.

"Nimeshika, baba mdogo."

"Likisogea, sema."

"Haya."

"Shemeji, njoo hapa," Spana Kumi alisema. "Ndiyo, wewe. Njoo ushike tochi."

Mahali alipomwonyesha palikuwa kati ya pua ya gari na ukuta. Palikuwa pamesafishwa, lakini rangi ya ukuta ilikuwa imekwaruzika kimo cha kiuno. Mjane alikwenda. Ilikuwa safari ndefu kuliko ya makaburini. Akasimama pale mumewe aliposimama, mgongo ukutani, gari mbele yake, na mtoto wake ndani ya gari. Akaiwasha tochi.

"Mulika hapa, kwenye koo la kabureta. Unakiona kile kibati? Kikifunga, mafuta hayaendi. Kikifunguka, gari linanguruma. Mwanangu, umeshika?"

"Nimeshika. Halijasogea."

Spana Kumi akaukandamiza mtaimbo. Injini ikainuka upande wa kushoto, ikapanda pamoja na kabureta. Kijiti cha chuma kilichotoka kwenye kanyagio kikabaki pale pale kilipokuwa, kikanyooka, kikavuta. Na kwenye mwanga wa tochi, mbele ya macho ya mjane, kibati kikafunguka. Kilifunguka chote, koo likawa wazi, jeusi.

"Limesogea?" Spana Kumi aliuliza.

"Halijasogea."

"Una hakika?"

"Nimelishika, baba mdogo! Nimelivuta juu kabisa! Halijasogea hata kidogo!"

"Hapa kumefunguka mpaka mwisho." Akakigusa kibati. "Hakuna mguu wa mtu, na kumefunguka mpaka mwisho. Likishajiinua hivi, linajipa mafuta. Likijipa mafuta, linazidi kujiinua. Haliwezi kuacha." Akapapasa nyuma ya injini kwa mkono wake huru, akatoa kibomba cha mpira kilichokuwa kinaning'inia, ncha yake imepasuka. "Na hiki ndicho kinachoisaidia breki. Injini ilipoinuka ilikichomoa. Mkaguzi alikanyaga gari limezimwa, angejuaje? Breki ilikuwa..."

"Jiwe," mjane alisema.

"Jiwe. Hata mimi nisingeweza kulishika."

Tochi ilimponyoka, ikaanguka ndani ya injini, ikaendelea kuwaka huko chini kati ya mabomba.

Binti alikuwa ametoka garini. Alizunguka kwa mbele, akaingia mle mle kwenye nafasi nyembamba, akamshika mama yake mkono, akamvuta. "Toka hapa," alisema. "Mama, toka hapa. Usisimame hapa." Alimvuta kwa nguvu, kwa hasira, kama mama anayemvuta mtoto barabarani, na hakumwachia hata walipofika jikoni.

*

Wifi alibaki kizingitini kwa muda. Hakuomba radhi, hakuwa mtu wa kuomba radhi. Baadaye aliingia jikoni, akakuta vyombo vichafu, akakunja mikono ya nguo, akaosha vyote, hata vile vilivyokuwa safi. Alipomaliza akasema, "Hilo begi nitaliacha. Zipu yake mbovu, lakini linafaa." Akaaga, akaenda. Jumapili kikao kilikaa, na kaka mkubwa alizungumzia mambo mengine, si mtoto wala kiwanja.

Askari alirudi, akauchukua mpira wa kushoto ukiwa vipande viwili. Aliuunganisha, akauachanisha, akauunganisha tena. "Kitu kidogo hivi," alisema. Mzee alikuja kulichukua gari lake likiwa limefungwa mauntini mpya, injini imetulia tuli. Hakuliendesha. Alileta gari la kulivuta, na inasemekana amelifungia mahali, haliuzi wala haliwashi.

Siku gari lilipoondoka, binti alimsaidia mama yake kuchota maji. Pipa lilikuwa bado ardhini pale lilipowekwa.

"Mama," aliuliza, "kwa nini baba hakuweka magogo siku ile?"

Mjane aliendelea kuchota. Alijua swali litafika. Lilikuwa limekaa kooni mwake tangu Spana Kumi alipoanza kuyatafuta, na hakuna mtaimbo ambao ungeliinua.

"Yalikuwa chini ya pipa."

"Ni nani aliyeyaweka?"

"Aliyaweka yeye. Mimi ndiye niliyemwomba. Mgongo ulikuwa unaniuma, nikamwambia nimechoka kuinama. Akacheka, akasema chukua, mimi gogo langu ni mguu wako."

Binti aliiangalia ile miguu, mipana, ya mtu wa kutembea peku. Mjane akangoja. Alikuwa na hofu kuliko siku zote, kwa sababu safari hii kosa lilikuwa la kweli.

"Ndoo imejaa," binti alisema mwishowe. "Shika upande huo."

Wakaibeba pamoja.

Siku hizi Spana Kumi amekodi karakana. Mjane hakai tena kwenye kiti cha dereva, na hakuna anayemwita Mama Breki, angalau si mbele yake. Lakini gari likiingia langoni, kabla Spana Kumi hajafungua boneti, mjane hutoka jikoni na magogo, moja kila mkono, akayaweka mwenyewe mbele ya magurudumu, akayapiga teke. Wateja hungoja mpaka amalize. Pipa la maji limebaki ardhini, na anayetaka kuchota huinama.